Jina la Mgongoni

Mara ya kwanza Theresia kusikia jina lake redioni, alikuwa ameinama juu ya ungo anapepeta mchele wa watu. Ilikuwa mwaka 2019, kwenye mashine ya kukoboa mpunga pale Mlabani, pumba zimetanda hewani mpaka kwenye kope. Mtangazaji alikuwa anasoma habari za michezo ya shule za sekondari. Timu ya mpira wa kikapu ya wasichana wa mkoa imeingia fainali, akasema, na shujaa wa siku ni senta wa kidato cha tano, binti mrefu kutoka Ifakara, Theresia Stanislaus, aliyefunga pointi ishirini na sita peke yake.

Wanawake wa pale mashineni wakaangua kicheko. Happyness, aliyekuwa anakaa naye mkeka mmoja, akampiga kibao cha bega.

"We Theresia! Kumbe ukitoka hapa unaenda kurusha kikapu? Na kimo chenyewe ndo hicho?"

Theresia ni mfupi. Akisimama karibu na gunia la mpunga lililosimamishwa, gunia linamfika begani. Siku nyingine angecheka na wenzake, maana si mtu wa kununa, lakini siku hiyo ungo ulimtoka mkononi na mchele wa watu ukamwagika kwenye vumbi. Alijua fika anayesemwa ni nani. Jina lile halikuwa limefanana na lake, lilikuwa lake. Lilikuwa limechukuliwa zima zima, pamoja na jina la baba, tarehe ya kuzaliwa na kadi ya kliniki, akavishwa mtu mwingine, na mwenye jina hakuulizwa hata neno moja.

Mambo yenyewe yalianza mwaka 2014, na kwa mtu wa bonde la Kilombero hayahitaji maelezo marefu. Mvua zikianza, nyumba nyingi hufungwa. Watu wanabeba sufuria, mikeka na kuku, wanavuka mto kwenda kwenye mashamba ya mpunga ya mbali, wanaishi kwenye dungu, kibanda cha miti kilichoinuliwa juu ya nguzo, mpaka mavuno. Mpunga ukishaanza kuzaa lazima awepo mtu wa kuamia, yaani kufukuza ndege kwa kelele, la sivyo mtavuna majani. Mwaka huo Theresia alikuwa darasa la saba, ana miaka kumi na mitatu. Baba yake, Stanislaus, alibaki Lumemo kwa sababu alikuwa mwenyekiti wa jumuiya ya kanisa na mwenyekiti, inavyoonekana, hawezi kupiga kelele za ndege. Mama yake, Merina, asingeweza peke yake. Basi Stanislaus akaamua mtoto aende na mama yake, akaenda kuomba ruhusa kwa mwalimu mkuu, Mwalimu Venance, akapewa. Kila mwaka ruhusa za namna hiyo zilitolewa na kila mwaka watoto walirudi.

Theresia alikwenda na madaftari yake kwenye mfuko wa rambo. Juu ya dungu alikuwa anapiga debe, anafanya hesabu moja, anapiga debe, anafanya nyingine. Mwezi wa sita aliporudi shuleni, sauti imemkauka na kitabu cha hesabu kimeisha mpaka ukurasa wa mwisho, alikuta kwenye dawati lake kuna msichana ambaye magoti yake hayaingii chini ya meza. Mwalimu wa darasa akaita mahudhurio. Alipofika "Theresia Stanislaus," sauti mbili ziliitika kwa pamoja.

Darasa zima lilicheka. Theresia akaitwa ofisini.

"Wewe ulitoroka," alisema Mwalimu Venance, hata hakumkaribisha kukaa. "Usajili wa mtihani umepita. Lile jina tayari lina mtu."

"Lakini mwalimu, ulitoa ruhusa. Baba alikuja kukuomba."

"Usibishane na mimi. Subiri, mwakani nitakutafutia jina lingine."

Hivyo ndivyo alivyosema, nitakutafutia jina lingine, kama mtu anayeahidi kutafuta kiatu cha mtumba chenye namba yako. Yule msichana mrefu aliitwa Kabula, mtoto wa wafugaji wa Kisukuma waliohamia bondeni na ng'ombe zao. Alikuwa amefeli darasa la saba mwaka uliotangulia, na kurudia darasa kulikuwa hakuruhusiwi. Ujanja uliokuwa unatumika, na watu wa rika lile wanaujua, ni kumpa aliyefeli jina la mwanafunzi asiyeonekana shuleni. Idadi inatimia, mwalimu halaumiwi, mtoto anapata nafasi ya pili. Zaidi ya hapo, Mwalimu Venance alikuwa anatafuta wasichana warefu wa netiboli kwa mashindano ya wilaya.

Theresia alikimbia nyumbani kumweleza baba yake. Stanislaus alimsikiliza huku anafuta baiskeli.

"Yaliyopita yamepita," akamwambia. "Wewe ni mtoto wa kike, msaidie mama yako."

Mwaka uliofuata Mwalimu Venance akahamishwa, na jina la kutafutiwa halikuja.

Kabula, yeye, alipanda. Alifaulu kwa jina la Theresia, akaenda sekondari ya bweni. Huko mwalimu wa michezo alitazama viganja vyake akamtoa kwenye netiboli, akamweka kwenye kikapu. Mwanzoni alikuwa hajui chochote zaidi ya kusimama chini ya ringi na kunyoosha mikono, na hata hilo peke yake liliwasumbua wapinzani. Kidato cha nne alishajua kugeuka na mpira, kumpa mtu mgongo, kumsukuma taratibu mpaka karibu na ringi na kufunga bila haraka. Kidato cha tano na cha sita shule tatu zilimgombania. Akiwa na futi sita na inchi mbili, kila mpira uliogonga ringi ukarudi ulikuwa wake.

Theresia alizijua habari hizi zote bila kuzitafuta. Mara nyingine alinunua maandazi yaliyofungwa kwenye gazeti, akakunjua akakuta picha: Kabula yuko hewani, mpira mkononi, wasichana wanne wanamtazama kutoka chini, na mafuta ya maandazi yamelowanisha maneno yanayosema Theresia Stanislaus. Akalikunja akalitupa. Baada ya hatua kumi akarudi akaliokota, kwa hasira, maana hata hivyo lilikuwa jina lake na hakutaka likanyagwe na bodaboda.

Mwaka 2021 Kabula akachukuliwa na timu ya Mzizima Queens ya Dar es Salaam. Miaka mitatu baadaye akaitwa timu ya taifa. Fulana za timu ya taifa huandikwa mgongoni jina la baba, basi kwenye luninga ikaonekana STANISLAUS, herufi kubwa nyeupe, inakwenda na kurudi uwanjani juu ya mgongo wa binti wa Kisukuma.

Na Theresia mwenyewe? Alikuwa amejiandikisha masomo ya jioni ya watu wazima, miaka mitatu hakukosa, akitoka mashineni anajikung'uta pumba anakwenda. Alitaka kufanya mtihani wa maarifa, aendelee mpaka kidato cha nne, kisha asomee uuguzi. Hakuomba makubwa. Alitaka avae sare, awe na kazi isiyomwinamisha mgongo, na wagonjwa wamwite sista. Mwalimu wao akawaambia kila mtu alete namba ya kitambulisho cha taifa, bila hiyo fomu haipokelewi.

Akaenda kwenye ofisi ya vitambulisho. Kijana wa kwenye kompyuta alikuwa mpole tu.

"Theresia Stanislaus, umezaliwa tarehe tatu Oktoba 2000, mama Merina. Upo, dada. Ulishasajiliwa ukiwa shule."

Akamgeuzia skrini. Uso wa Kabula ulikuwa unamtazama.

"Huyu si mimi," Theresia akasema.

"Kweli, si wewe."

"Ila hayo majina ni yangu. Baba yangu ndiye huyo, mama yangu ndiye huyo, tarehe ni yangu!"

Kijana akashusha sauti. "Dada, nakushauri kama ndugu. Kujifanya mtu mwingine ni kosa la jinai." Halafu akaisogelea skrini, macho yakamng'aa. "Hebu ngoja, huyu si ndo yule senta wa taifa? Unamfahamu? Mwambie tunamkubali sana huku."

Theresia alitoka nje. Alikuwa na cheti cha ubatizo nyumbani, kina muhuri wa parokia, lakini kanisa lilimfahamu na kompyuta haikumfahamu. Hata laini ya simu aliyokuwa anatumia ilisajiliwa kwa kitambulisho cha Happyness. Miaka ishirini na minne hapa duniani, na kwa serikali alikuwa hajazaliwa! Na waliofanya hivyo walikuwa wanalala usingizi mzuri kabisa.

Akaenda moja kwa moja kwa Mwalimu Venance. Mzee alikuwa amestaafu, amerudi Lumemo anafuga kuku wa mayai.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, binti yangu. Wewe ni nani vile?"

"Hilo ndilo nililokuja kukuuliza."

Mzee alipomtambua alicheka, kicheko cha mtu aliyekumbushwa utundu wa zamani. Theresia akamweleza anachotaka: barua, yenye sahihi yake, inayosema kwamba mwaka 2014 alimpa Kabula jina lisilokuwa la Kabula. Kicheko kikaisha.

"Unataka nifungwe uzeeni? Na kwa nini unanifuata mimi peke yangu?" Akachukua kopo la pumba, akaanza kuwamwagia kuku. "Au unadhani mimi nilikurupuka tu nikachukua jina? Nilimwita baba yako. Tulikaa watatu ofisini kwangu, mimi, yeye na Masunga, baba wa yule msichana. Kadi yako ya kliniki alinikabidhi baba yako kwa mkono wake. Masunga akaleta mtamba."

"Mtamba gani?"

"Wa rangi ya maziwa na chai. Mzuri sana, ana mimba ya kwanza. Muulize baba yako."

Hakuwa na haja ya kuuliza. Ng'ombe yule walimkuta nyumbani waliporudi kutoka shambani mwezi ule wa sita, yeye na mama yake, na Stanislaus aliwaambia amemnunua kwa mpunga wa akiba. Mama alimpa jina, Neema. Theresia ndiye aliyekuwa anamkatia majani, na maziwa yake ameyanywa miaka yote kwenye chai, yeye na wadogo zake, na kushukuru kabla na baada ya chakula. Alitoka pale kati ya kuku bila kuaga. Baba yake mzazi! Alipokuwa juu ya dungu anapiga debe mpaka viganja vinachubuka, ili nyumba ile ipate wali, mwenye nyumba alikuwa ofisini anapatana bei ya jina lake na wanaume wenzake wawili.

Jumamosi iliyofuata alimkuta Stanislaus sebuleni kwenye kochi, mbele ya luninga kubwa ambayo Kabula alimtumia kutoka Dar es Salaam. Ukutani, juu ya kalenda ya parokia, ilining'inia picha ya Kabula yenye fremu. Ya Theresia haikuwapo hata moja. Merina alikuwa ameketi kwenye mkeka na kikombe cha chai.

"Baba, uliuza jina langu kwa ng'ombe?"

Stanislaus hakushtuka. Alipunguza sauti ya luninga. "Nani kakwambia niliuza? Nilimsaidia mtoto wa mwenzangu, naye akashukuru."

"Nilikuwa shambani! Ulinipeleka wewe!"

"Theresia, usinipandishie sauti. Jina lile nililitoa mimi. Theresia nilikupa mimi siku ya ubatizo, na Stanislaus ni mimi mwenyewe. Mtu kutoa chake kuna ubaya gani?" Akanyoosha mkono kwenye luninga. "Na niambie ukweli wa Mungu, ungebaki nalo wewe lingefika wapi? Pale mashineni, kwenye ungo. Mwenzio amelifikisha mpaka nchi za watu. Mimi leo nikipita sokoni nasalimiwa na watu nisiowajua."

Merina, ambaye kwa miaka ishirini na tano ya ndoa hakuna aliyewahi kumsikia akimjibu mumewe, aliinuka na kikombe chake. Alikwenda nacho mpaka mlangoni, akaimwaga chai yote ya maziwa uani, akaingia jikoni kuosha kikombe.

Mwezi wa tisa mwaka huu ikatangazwa kwamba Kabula amesaini mkataba wa kulipwa na klabu moja ya Misri. Binti wa kwanza wa Ifakara kucheza kikapu cha kulipwa, walisema redioni, na kabla ya kuondoka atakuja nyumbani kuagwa. Viongozi wakaandaa sherehe uwanjani. Stanislaus akashonesha suti.

Siku moja kabla ya sherehe, mtu aliinama kupita mlango wa mashine pale Mlabani, na wanawake wote wakaacha kupepeta. Theresia alimtambua kabla hajainua uso. Alikuwa na matusi ya miaka kumi na moja aliyoyapanga vizuri, mengine aliyarudia kila akipepeta, na sasa mwenye kutukanwa alikuwa amesimama mbele yake, amevaa kandambili, anatafuta pa kuweka mikono.

"Dada Theresia," Kabula akasema. "Naomba tuongee."

"Usiniite hivyo kwa huruma. Jiite mwenyewe, si ni lako?"

Kabula akachuchumaa, na hata hivyo macho yao yalikuwa sawa. "Nilikuwa na miaka kumi na tano. Waliniambia mwenye jina ameolewa huko Masagati, hasomi tena. Siku ile tulipoitika wawili ndipo nilipojua. Nilimwambia baba nataka kuacha, akanichapa, akasema ng'ombe amekwisha kwenda."

"Baadaye ulikuwa mtu mzima. Kitambulisho ulichukua mwenyewe."

"Ndiyo. Hapo nimekosa, siwezi kukataa. Niliogopa wataninyang'anya mpira." Alijifuta uso kwa kiganja kipana. "Baba yangu alikufa mwaka jana, dada. Miaka yote alikuwa anasikiliza redio kule maboma, wanatangaza mimi, wanampongeza mzee Stanislaus. Alitoa ng'ombe akatoa na jina lake. Siku nacheza fainali alikuwa anawaambia wenzake huyo ni binti yangu, wakamwambia mzee umezeeka. Mimi naitwa Kabula Masunga. Nimemwona wakili. Anasema linarekebishika kwa viapo. Nitaapa."

"Na Misri?"

"Wakikataa pasi mpya ya kusafiria, basi nimekosa Misri."

Theresia alimtazama, akitafuta uongo usoni pale, na hasira yake ikakosa pa kukaa. Haikuisha. Ilihama tu, ikamwendea aliyestahili.

Wakili Abdulkarim alikuwa na chumba kimoja karibu na stendi, na hakuwa mtu wa maneno mengi. Alisema viapo vinahitajika vitatu: cha aliyetumia jina, cha mwenye jina, na cha mzazi, kwa sababu mzazi peke yake ndiye anayeweza kusema nani ni mtoto wake na nani siye. Mwalimu angeitwa baadaye. Stanislaus alipoambiwa hakukataa. Alisema atasaini, ila baada ya sherehe, asije akaharibiwa siku. Theresia akakubali, kwa sababu pamoja na yote yule alikuwa baba yake na mtu huwa haachi kutumaini kirahisi.

Sherehe ikafanyika. Stanislaus aliitwa jukwaani, akakabidhiwa fulana ya taifa yenye jina lake, akaiinua juu na uwanja mzima ukapiga makofi. Alilia machozi ya kweli. Aliwaambia watu malezi ni kazi, kwamba tangu mtoto huyu ni mdogo aliona kitu ndani yake. Theresia na mama yake walisikiliza wakiwa wamesimama juani, nyuma ya vijana wa ngoma, na Merina hakupiga makofi.

Kutoka uwanjani wakaenda kwa wakili, wote wanne, Stanislaus akiwa bado ameshika fulana. Kabula alikaa kwanza. Akasomewa kiapo chake, akasaini. Theresia akasaini chake, polepole, herufi moja moja. Wakili akasogeza karatasi ya tatu na kalamu.

Stanislaus alivaa miwani akasoma. Alisoma mpaka mwisho, akavua miwani.

"Hii inasema niape kwamba huyu si mwanangu." Alimwonyesha Kabula.

"Ndivyo, mzee," akasema wakili. "Kwamba ulimpa jina la binti yako."

"Nimetoka uwanjani sasa hivi. Mkuu wa wilaya amenishika mkono. Nchi nzima imeona. Kesho nikasimame mbele ya jumuiya niseme mimi ni mwongo?"

"Mzee wangu, tafadhali," Kabula akasema, na akapiga goti, jambo ambalo kwa urefu ule lilijaza chumba. "Mimi baba yangu ni Masunga."

"Mwanangu Theresia, nyanyuka. Wewe bado mdogo, hujui dunia. Watakunyima Misri hawa." Akairudisha kalamu mezani. "Sisaini."

Wakili hakubishana naye. Aliuliza swali moja tu, kama watu wa kazi yake wanavyouliza, kalamu ikiwa tayari kuandika. "Basi, mzee, tuweke sawa. Kama Theresia Stanislaus ni huyu mrefu, huyu mfupi ni nani kwako?"

Stanislaus alimtazama Theresia, akaitazama fulana iliyokunjwa mapajani mwake.

"Huyu," akasema, "huyu tulimlea tu."

Theresia hakusikia kilichofuata. Kabula alikuwa anasema kitu kwa sauti ya juu, wakili anamtuliza. Yeye aliona tu mikono ya baba yake ikilaza sawasawa kola ya fulana ile, mikono ileile iliyomvusha mtoni akiwa mdogo. Hakulia. Alitaka kuinuka atoke, arudi kwenye ungo wake, wakae na majina yao.

Mkono ukamkandamiza bega, akarudi kukaa. Merina alikuwa amesimama. Alipita mbele ya mumewe bila kumwomba njia, akavuta kiti alichokiacha Kabula, akakaa mbele ya wakili.

"Mzazi ni mmoja?" akauliza.

"Hapana, mama. Mzazi yeyote anaweza kuapa."

"Basi niandikie mimi. Andika huyu Kabula sikumzaa, nimemfahamu mkubwa. Andika huyu Theresia nimemzaa mimi, hapa Ifakara, tarehe tatu mwezi wa kumi, alfajiri, mvua inanyesha. Mkunga yupo hai, nitamleta."

"Mama Theresia," Stanislaus akasema kwa sauti ya kuonya, "fikiri unachofanya."

Merina hakugeuka. Wakili akavuta fomu mpya, akaanza kujaza anauliza: jina la mtoto, mahali, jina la mama. Merina alijibu yote, sauti moja, bila haraka. Kabula alikuwa amesimama ukutani amejishika mdomo. Wakili akafika mstari uliofuata, akasita, akamtazama mzee aliyekaa hatua mbili tu kutoka pale, halafu akamtazama Merina.

"Jina la baba?"

"Hapo paache wazi," Merina akasema, akanyoosha mkono apewe kalamu.